Aruna Aliyeanikwa Gitaza

Watu walipoanza kusikia ndugu yangu Aruna ni dokta, wakawa wanamletea watoto wenye homa. Haki ya Mungu! Mama mmoja alitoka Nyanza-Lac na mtoto mgongoni, akakaa mlangoni kwetu asubuhi nzima. Aruna akatoka, akamwambia kwa upole, "Mama, mimi si dokta wa mwili."

"Iko dokta wa nini?"

"Wa namna watu wanavyoaminiana."

Yule mama akamtazama, kisha akanigeukia mimi, akasema, "Pole sana, dada." Alidhani mgonjwa ni Aruna. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikampeleka kwa masista wenye dawa.

Mimi ni Mwanvua. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, nimeuza Rumonge tangu msichana, na mdomo wangu unajulikana barabara yote ya ziwa, kwa hiyo msitegemee niseme polepole. Nataka kumsema ndugu yangu kwa sababu wanaomsema wengi hawamjui. Huko Ulaya watu wa kazi yake wakiandika juu ya wataalamu waliodanganya, jina lake limo. Aruna, mtoto wa fundi cherehani wa Rumonge! Sikilizeni basi ilivyokuwa.

Baba yetu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, na zamani hizo watu wa mtaa hawakupeleka watoto shule ya mapadri. Waliogopa mtoto ataingia Aruna atatoka Yozefu. Baba akasema, "Wakimbatiza, mimi nitamwosha tena. Maji si yamejaa ziwani?" Akampeleka. Hawakumbatiza. Walimpenda kwa ajili ya akili yake, ingawa aliwachosha kwa maswali. Padri akisema jambo, Aruna anauliza, "Wewe nani alikuambia?" Si utovu wa adabu. Alikuwa amelelewa mchangani pamoja na sisi wanawake wa ndagala, na kwetu swali hilo ni kama salamu.

Hapo lazima nieleze. Kutoka Gitaza, Magara, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, sisi tunaoanika na kuuza ndagala tunaishi kwa habari. Wapi zimepatikana, wapi kuna gari, wapi mvua imekata barabara. Mwenzako akikudanganya kwamba gari iko Magara, unabeba mzigo mpaka kule, na samaki wanakuozea kichwani. Kwa hiyo mtu akileta habari tunamuuliza, "Kinywa cha nani?" Naye anataja aliyemwambia. Ukienda kwa yule, naye atakutajia wake. Anayeleta uongo na hana kinywa cha kutaja, huyo tunamwanika. Maana yake tunamwacha juani kama ndagala. Hakuna wa kupokea neno lake, hakuna wa kumuuzia, na salamu anapata ile ya lazima tu, mpaka siku tutakayoona amekauka vya kutosha. Mimi mwenyewe nimewahi kuona mwanamke mzima akihama Magara kwa sababu ya kuanikwa.

Mwaka ule wa uhuru Aruna alikuwa anasoma Ubelgiji, akaja likizo. Pwani yote ilikuwa imechafuka. Watu wanasema siku ya uhuru ziwa litafungwa, serikali mpya haitaki mtu avue. Wengine walikwisha kuuza nyavu kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa nalia. Aruna akaniambia, "Dada, kinywa cha nani?" Nikamtajia: Anastasie wa Gitaza. Akavaa kandambili zake akaenda.

Huyu Anastasie asili yake ni ng'ambo, upande wa Uvira. Alifuata mume mvuvi, akabaki kwetu, na kwa kuanika ndagala hana mwenzake. Mkristo wa kuimba kanisani, mimi wa kufunga Ramadhani, lakini tumekuwa marafiki tangu hatujazaa. Alimtajia Aruna kinywa chake, na huyo akamtajia wake. Aruna akatembea pwani, kinywa kwa kinywa, akapita hata hapa kwetu tena amejaa vumbi, mpaka akaishia Nyanza-Lac kwa mzee Maneno, mshona nyavu. Mzee wa watu alikuwa amesema tu kwamba siku ya uhuru yeye havui, anakwenda kucheza ngoma. Basi! Njiani siku ikawa juma, juma likawa mwezi, na Maneno mwenyewe akawa serikali.

Tulicheka jamani! Lakini Aruna hakucheka sana. Alirudi Ubelgiji akaandika habari ile yote, kwamba kwenye pwani ya Tanganyika hakuna neno linalotembea bila mwenyewe, na ukijua kuuliza utalifuata mpaka kinywa cha kwanza. Kwa maandishi hayo akapewa udokta, akarudi Bujumbura kufundisha, wakamwita profeseri. Majina ya wanawake hakuyaweka. Ya mahali aliyaweka.

Akija nyumbani alikuwa ananieleza kazi yao. "Mwenzangu akiandika kitabu, anataja kinywa changu. Anasema, haya nimeyapata kwa Aruna."

"Kumbe Wazungu nao wana akili!" nikamwambia.

Ilikuwa furaha yake. Hakuwa mtu wa nguo wala wa bia. Lakini akitajwa! Anashuka garini na sukari ya mama, na mimi namuuliza kabla hajakaa, "Leo umetajwa wapi?"

"Kanada."

"Wanavua nini huko?"

"Sijui, dada. Lakini wamenitaja."

Walimtaja Ufaransa, wakamtaja Amerika, akaitwa Dakar kuzungumza mbele ya wakubwa wa kazi yao. Nilikuwa namtania, lakini moyoni nilijivuna kupita kiasi. Mama ndiye alizidi. Yeye alimwambia kila mteja, hata asiyeuliza.

Ikaja mwaka wa sabini na mbili. Ya mwezi wa nne sitayasimulia. Walioyaona hawana haja ya kuambiwa, na wasioyaona washukuru Mungu. Watu waliuawa hapa Rumonge, na baada yao makamyo ya jeshi yakaanza kupita kuchukua wengine, na waliochukuliwa hawakurudi. Tuliishi kwa kunyamaza. Hata watoto walijifunza kulia kidogo.

Mimi niliendelea kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, maana tumbo halijui vita. Siku moja madereva wa makamyo walisimama kula. Mwanamke anayekaanga samaki haonekani, nyinyi mnajua. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba kesho asubuhi wanapakia Gitaza, wanaume wote wa ufukweni. Nikawafungia samaki wao, nikapokea pesa, nikawashukuru, murakoze. Kisha nikafunika moto, nikadandia gari ya mawese inayokwenda Bujumbura, nikashuka Gitaza.

Nilimwambia Anastasie. Na hata siku ile, na hofu yote ile, aliniuliza, "Kinywa cha nani, dada Mwanvua?"

"Changu. Nimesikia kwa masikio haya."

Hakuuliza la pili. Asubuhi makamyo yalipofika, mitumbwi haipo, wanaume hawapo, wako ng'ambo. Wanawake wameinama mchangani wanageuza ndagala. Wakaulizwa, wakajibu waume zao wamekwenda kuvua.

Sasa kulikuwa na bwana mkubwa mmoja wa serikali, jina lake silitaji, aliyesoma Ulaya naye. Alikasirika sana kuwakosa wanaume wa Gitaza, akataka amjue aliyewaonya. Na balaa likawa hapo, kwamba yule bwana alikuwa amesoma maandishi ya Aruna. Alimwita bironi, ofisini kwake Bujumbura, akamwambia kwa sauti ya rafiki, "Profeseri, wewe ulitoka Gitaza ukafika mpaka kwa mzee wa Nyanza-Lac. Nitembelee tena njia ile. Nitolee kinywa cha kwanza." Akampa gari na askari, akampa na siku chache.

Aruna akaja kwanza nyumbani. Askari wakabaki nje ya ua, na wao ndio walionitajia kazi waliyokuja kufanya. Mama alikuwa amelala ndani, miguu imevimba, haamki tena. Nilimkuta Aruna jikoni amekaa kwenye kigoda changu, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Usiniambie kitu, dada."

"Ni mimi," nikasema.

"Nimekwambia usiniambie!"

"Umekwisha kujua. Nimekuona machoni."

Akafunika uso kwa mikono. Aliyeonya Gitaza nilikuwa mimi, na kinywa cha pili kilikuwa Anastasie, na cha tatu dada zake wa kanisani, na wote wangekwenda kwenye kamyo moja. Nilimwambia amtaje mzee Maneno, maana alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Akasema, "Watachukua watoto wake." Nikamwambia akimbie. Akatazama upande wa chumba cha mama, akatazama na wale askari nje ya ua. Niliogopa, siwafichi.

Mwisho akasema, polepole kama anayefanya hesabu, "Hata nikikataa, dada, njia ile nimekwisha kuwaonyesha. Kesho watamleta mwingine atembee. Lazima njia yenyewe ife."

Sikuelewa. Asubuhi alinichukua tukaenda wote kwa yule bwana, ambaye alikuwa ameshuka Rumonge kungojea. Biro ilikuwa imejaa watu wa komini, wale wa serikali ya mji, na askari. Aruna akasimama katikati, na suti yake ya Dakar, akasema, "Bwana, siwezi kukutembelea njia ile. Ile habari niliitunga."

Yule bwana akaweka kalamu mezani.

"Uliitunga vipi?"

"Nilitaka udokta. Nilikuja likizo, nikakaa kwa dada yangu nikila samaki, nikaandika yaliyonijia kichwani. Sikufika Magara wala Gitaza. Mzee Maneno nilimpata kwenye akili yangu. Wanawake wale hawana desturi yoyote. Wanasema ovyo kama watu wote. Huyu hapa dada yangu, muulize."

Yule bwana akanigeukia. Macho yake yalikuwa makali, hayana mchezo. "Mama, ni kweli? Ndugu yako hakutoka nyumbani?"

Jamani! Mimi niliyemwona amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi niliyemwosha miguu. Aruna alikuwa ananitazama, na nilijua nikimwokoa kwa mdomo wangu, nimetuua.

"Hakutoka," nikasema. "Ni mwongo tangu mutoto. Alikuwa anaiba hata sukari ya mama na kusingizia paka."

Wakacheka wote. Yule bwana akacheka zaidi ya wote, akapiga meza. Mtu mwenye cheo anafurahi sana kumwona msomi mwenzake akiwa mwizi. Lakini hakuwa mjinga. Akatuma watu Gitaza wawaulize wanawake. Anastasie na wenzake wakaulizwa habari za kinywa, wakatoa macho. "Kinywa? Cha kulia ugali?" Wale watu wakarudi na jibu hilo, na yule bwana akaridhika. Akamlazimisha Aruna aandike kwa mkono wake kwamba alidanganya, maandishi yakapelekwa Ubelgiji kwa waliomchapisha na Bujumbura kwa waliomwajiri. Kazi ikaisha siku hiyo. Kufungwa hakufungwa. "Mwongo ni mutu mudogo," yule bwana akasema. "Akauze samaki."

Na kweli, akauza samaki. Alirudi kwetu, akavaa kikoi cha marehemu baba, akajifunza kugeuza ndagala bila kuzivunja vichwa. Hakulalamika. Lakini sukari hakununua tena, na mimi sikumuuliza tena ametajwa wapi. Habari zake zilitufikia tu, kwamba vitabu vilivyomsifu sasa vinamtoa, na vingine vinamtaja ili wanafunzi wajue uongo unavyofanana. Alizisikia zote huku anageuza ndagala. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa anasali mpaka namwonea huruma.

Lililomuumiza kupita yote lilikuwa Gitaza. Nilimtuma huko kununua mzigo, akarudi na kikapu kitupu. "Hawakuniuzia, dada." Akasalimu, amahoro, wakaitikia wameangalia maji. Anastasie, ambaye alimbeba Aruna mgongoni alipokuwa mdogo, alimpa kisogo. Magara vilevile. Walimwanika. Amesema mbele ya serikali kwamba wao ni watu wa maneno ovyo, na hawakujua kwa nini. Nani angewaambia? Neno lile lingetoka mdomoni mwangu, lingetembea, na lingenirudia na kamyo.

Nilikaa nalo. Nilimwona ndugu yangu anakonda mbele yangu kwa ajili yangu, na nikaendelea kukaanga samaki.

Kiangazi mama akafariki. Alikuwa ameanika ndagala na wanawake wa Gitaza maisha yake yote. Aliwazalisha watoto wao. Aruna mwenyewe alikwenda kuwapa habari ya msiba, maana ni wajibu wa mtoto wa kiume. Tukangoja kuzika, tukatazama barabara. Watu wa Rumonge walikuja, wa Nyanza-Lac walikuja. Gitaza hakuja hata mmoja. Aruna alishuka kaburini kumpokea mama, akapanda juu, akakaa peke yake chini kwenye udongo, na watu wakamwacha.

Hapo mimi nikachemka. Matanga yalipokwisha nikafunga kitambaa kichwani nikaenda Gitaza. Sikusalimu. Nilimkuta Anastasie anafagia mchanga wake, nikamwambia yote yaliyonijia mdomoni. Mchawi wewe, mama yangu alikuzalisha wanao, hata mbwa angekuja! Chuki gani ya kukataa maiti? Nilipiga kelele, na huku natokwa na kamasi kama mtoto.

Anastasie akaacha kufagia. Akatazama barabarani kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Inama, dada Mwanvua. Jifanye unachagua ndagala."

Nikainama. Sijui kwa nini nilimtii.

"Unamwona yule mwanaume pale chini ya paa la duka? Yuko pale tangu mwezi wa tano. Ananunua samaki kila siku lakini hawali. Kazi yake ni kuangalia tunampokea vipi ndugu yako."

Nikaangalia kwa pembe ya jicho. Mtu alikuwepo.

"Mutu aliyedanganya juu yetu, tungempokea vipi?" Anastasie akasema. "Tukimkumbatia, tukaja kulia na yeye kwa mama, yule bwana atajiuliza. Atasema, mbona wanampenda? Aruna alitoa jina lake kwa ajili yetu. Na sisi tumpe nini? Tumempa mgongo, ili uongo wake usimame. Siku ya kumzika mama tulikuwa kanisani hapa tangu asubuhi, mlango umefungwa. Tulilia mpaka padri akauliza nani amekufa."

Nilikaa chini mchangani juu ya ndagala zake. "Mlijua tangu lini?"

"Tangu waliposema Aruna amekana. Yule mutoto hajui kusema uongo. Nimemlea."

"Na wale wa Magara, nani aliwaambia? Uliwapelekea neno?"

"Neno gani? Ningethubutu?" Akachukua ufagio tena. "Hatujazungumza hata sisi kwa sisi. Wewe ndiye wa kwanza namwambia. Kila mmoja aliona mwenzake amegeuka, naye akageuka."

Nilirudi Rumonge na gari ya jioni nimebeba mzigo wa ndagala niliokuwa sijaulipia. Nilimkuta Aruna uani, amekaa kwenye kigoda, anatengeneza chekecheke. Nikakaa karibu naye, nikamweleza yote, na yule mtu wa dukani, na kanisa, na mlango uliofungwa.

Alisikiliza bila kusogea. Nilidhani atauliza habari za mama. Akauliza, "Hakuna aliyewaambia?"

"Hakuna."

"Anastasie hakusema na mtu?"

"Hakusema."

"Na wa Magara hawakutumiwa habari? Hata kwa kupitia mtoto? Hata kanisani?"

"Aruna, nimekwambia hakuna! Kila mmoja alijua mwenyewe, akafanya."

Akaweka chekecheke chini. Machozi yakamtoka, ya kwanza niliyoyaona tangu bironi, hata kaburini hakulia. Nikamshika bega. Nilifikiri ni uchungu, nikaanza kumwambia tutafanya njia, siku moja mambo yatatulia, ataandika upya, watamtaja tena.

Akatikisa kichwa. "Niliandika hakuna kitu kinachotembea pwani hii bila kinywa," akasema. "Niliapa mbele ya wakubwa wote Dakar." Akajifuta uso kwa kikoi cha baba, akanitazama, na kumbe alikuwa anacheka. "Basi nilikosea kweli, dada. Nilikosea kweli!" Akalirudia tena na tena, na uso wake wote ulikuwa umejaa furaha.